DVD gani inaweza kusoma ma CD yote ya papa? VCD, za kuchoma, za Ulaya (Goma)

YayaHimbi, Goma

Jambo yenu bote. Munivumilie, habari yangu ni ndefu, lakini nikiikata mutanipatia jawabu ya mbio mbio kama ile nilipata ku butiki na njo ilinileta hapa.

Papa alituachia ma CD 214. Mimi nimeyahesabu mara mbili na mudogo wangu akayahesabu ya tatu. Mbele ya 2002 alikuwa na makaseti ya video, kabati nzima, kiisha tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 volkano ya Nyiragongo ikashuka mpaka katikati ya mji na nyumba yetu ya zamani ikaenda na byote byenye bilikuwa ndani, makaseti, mapicha, kanzu ya ndoa ya mama. Papa hakulilia makabati wala biti, alililia makaseti. Tangu pale akaanza upya na ma CD, akiona mutu anashika kamera ku harusi ao ku kilio anamufuata nyuma mpaka apate kopi yake, na juu ya kila moja anaandika kwa mukono wake tarehe, jina ya mwenye sherehe, na nani alichukua picha. Volkano iliporudia 2021 mwezi wa tano na tukaambiwa tutoke mu mji, batu balibeba magodoro na masufuria, papa akabeba gunia ya muchele yenye kujaa ma CD na akatembea nayo kwa miguu mpaka Sake. Alikufa 2023. Kwa hiyo naomba mutu asiniambie nitupe yote nifungue YouTube, juu sauti ya nyanya yangu haiko YouTube.

Nimeyapanga juu ya mukeka kwa mafungu. Kuko VCD (CD ya kawaida yenye kubeba video) karibu sitini, za filamu na za makwaya, mingi ni sehemu A na sehemu B juu moja haikutoshaka kubeba filamu nzima. Kuko za kuchoma, zenye batu baliandika benyewe, haziko za kiwanda, harusi, ubatizo, bilio, hizo njo nyingi kupita zote na njo zenye zinaniuma. Kuko original zenye shangazi wetu wa Ubelgiji alikuwa anatuma kila Noeli. Kuko ine za Marekani. Kuko zile za filamu kumi mu CD moja. Na kuko tisa tudogo, twa kutoka mu kamera, tunaenea mu kiganja.

Mashini ya papa ilikufa usiku mumoja umeme ulikatika na kurudia na nguvu mingi, ikatoa harufu, kiisha basi. Nikanunua ingine mupya dola 25, kadogo kama kitabu, iko na HDMI, muuzaji anasema hii inasoma kila kintu. Kufika nyumbani, zile za filamu kumi inasoma. VCD inasoma moja inakataa mbili. Za Ubelgiji inaonesha maandishi kwamba eneo si yake. Za kuchoma inazungusha, inazungusha, inakwaruza kama panya mu dari, kiisha inaandika hakuna diski. Nikarudia ku muuzaji akaniambia "mama, ma CD yako yamekufa, ni ya zamani."

Nikalala na ile neno. Kesho yake nikabeba moja, ya ubatizo wa mutoto wa kaka yangu, nikaenda ku jirani mwenye angali na mashini ya zamani, ile kubwa ya chuma. Akaingiza. Ekra ikawa nyeusi kidogo, kiisha papa akatokea amesimama ku mulango wa kanisa na koti yake ya kahawia, anapangusa miwani na ncha ya tai, hajui kama kamera inamuangalia. Nilikaa chini. CD haikufa, mashini njo haiwezi.

Sasa ulizo yangu: natafuta mashini ya namna gani? Mupya ao okazio? Televizio yangu ni flati, ina HDMI na katundu kamoja ka AV. Umeme wa kwetu munaujua, lakini niko na plaki ya jua na batri ya 12V.

Kijana_Majengo

Yaya weka tu byote mu flashi, siku hizi nani angali ananunua DVD

YayaHimbi

Mudogo wangu, mbele ya kuweka mu flashi lazima kuko kintu cha kuisoma kwanza. Njo ile natafuta.

Depanere_Birere, Goma

Mama, pole kwa papa. Mimi ni depanere, miaka kumi na munane nafungua hizi mashini hapa Birere, na hii neno ya "CD yako imekufa" naisikia kila juma. Mara mingi ni ya mutu hataki kurudisha franga.

Nikuelezee juu ukielewa kintu kimoja hautadanganywa tena. Ndani ya mashini kuko jicho, na ile jicho iko na mianga mbili. Ya kusoma DVD ni nyekundu, nanometa 650. Ya kusoma CD na VCD ni ingine, nanometa 780, macho yetu karibu haiione. Ni kama batu babili banaishi mu nyumba moja, mumoja anaweza kufa na mwingine akabaki mzima. Njo maana mutu anakuya kwangu anasema mashini yake inapiga muziki muzuri lakini filamu inakataa, ao kinyume. Haiko diski, ni mwanga mumoja umechoka.

VCD zako zenye inasoma moja inakataa mbili, naomba uzigeuze uangalie chini. Nazania zile inasoma ni za kiwanda, chini ni feza safi kama kioo, na zile inakataa ni za kuchoma, chini zina rangi ya kijani ao ya bluu. Rangi ile ilitengenezwa juu ya kurudisha mwanga wa 780, kama ule mwanga ni zaifu basi haioni kintu. Mashini za kwanza kabisa za DVD, za miaka ya 1997 na 1998, kuko zenye zilikuwa na ule mwanga wa 650 peke yake, na CD ya kuchoma zilikuwa zinaikataa kabisa hata kama ni mupya.

DVD za kuchoma ni mambo ya kufanana. DVD ya kiwanda ya tabaka moja inarudisha mwanga 45 mpaka 85 kwa mia. Ile ya kuandika na kufuta, yenye imeandikwa RW, inarudisha 18 mpaka 30 tu. Jicho yenye nguvu inasoma, jicho ya bei ya chini inazungusha inazungusha (ile kelele yako ya panya ni jicho inapanda na kushuka inatafuta fasi ya kulenga), kiisha inasema hakuna diski. Angalia pia kama imeandikwa DVD-R ao DVD+R, mashini za zamani sana zinapenda ile ya kistari (-), ya musalaba (+) zinasumbuka nayo.

Eneo njo mambo rahisi. Kiwanda kilikata dunia mafungu sita. Sisi Congo tuko fungu 5, pamoja na Afrika mingi, Uhindi na Urusi. Ubelgiji na Ufaransa ni 2, na Afrika Kusini nayo 2. Marekani na Kanada ni 1. Mashini yako ilifungiwa fungu moja, basi ya shangazi inakataa. Mashini mingi zinafunguka na telekomande, unafungua kile kisahani, unabonyeza namba, kila modeli na namba yake, unapata menyu ya kujificha unaweka 0 maana yake yote. VCD haina mambo ya eneo kabisa, na za kuchoma za nyumbani pia hazinaka.

Sasa kununua. Usiulize "inasoma kila kintu?" juu kila muuzaji atasema ndiyo. Beba diski sita zako, na usibebe nzuri, beba mbaya: VCD ya kijani, DVD-R ya harusi, RW kama unayo, ya Ubelgiji, ya Marekani, na kale kadogo ka kamera. Ziingize pale pale ku butiki. Na usiangalie mwanzo tu! Diski inaandikwa kutoka katikati kwenda ku pembeni, dakika za mwanzo ziko karibu na tundu fasi diski haitikisike, mwisho wa harusi uko ku ukingo. Muuzaji atakuonesha dakika mbili za mwanzo na utafurahi, ufike nyumbani picha inakatika wakati banakata keki. Shika telekomande, ruka mpaka dakika za mwisho, uache ipige pale.

YayaHimbi

Depanere nimegeuza VCD zote sasa hivi na lampe mu mukono. Ni vile umesema. Za feza inasoma, za kijani inakataa, mbili tu za kijani njo inasoma. Asante sana, ulimi wangu ulikuwa umekauka.

Kamalondo_Lushi, Lubumbashi

Yaya jambo. Mi naishi Lubumbashi, nikuambie mambo mbili yenye ilinikuta miye mwenyewe.

Ya kwanza. Nilinunua mashini ya okazio, nzito, mali ya kweli, ya zile zilikuwa zinauzishwa bei kali wakati wake. Sikugeuza nyuma kusoma. Nilipoingiza mu prizi ikalia tiii mara moja na moshi ukatoka. Nyuma yake ilikuwa imeandikwa AC 120V, ilitengenezwa kwa Marekani, na shiye umeme wetu ni 220. Basi geuza, soma kale kakaratasi, tafuta fasi imeandikwa 100-240V, ile inakula umeme wa kila fasi na hata ukishuka usiku mpaka 150 inaendelea kutumika.

Ya pili. Nilisema sasa nanunua Blu-ray, ni ya juu, itasoma na za chini. DVD ilisoma vizuri sana kabisa, picha ikapendeza mu televizio kubwa. VCD ikakataa. Nikasoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, VCD haiko mu liste. Ma Blu-ray mingi yako vile, na weye uko na VCD sitini, kwa hiyo chunga. Ku boksi ama ku kitabu lazima uone imeandikwa VCD, na kama kuko SVCD (VCD ya picha safi zaidi) ni muzuri zaidi.

Na usingojee miaka tena. Makampuni makubwa yanaacha hii kazi, Oppo waliacha kutengeneza mashini 2018, Samsung wakaacha za Blu-ray 2019. Zenye zinabaki mu soko nyingi ni zile za bei ya chini kama yako.

Mama_wa_Liège

Mwanangu, nimesoma habari ya gunia mpaka Sake na machozi yakanitoka, Mungu amupumuzishe papa.

Mimi niko huku Ubelgiji tangu 1996 na nimetumaka ma DVD Bukavu kwa ndugu zangu bila kujua kama hazisomeki kule, hakuna mwenye aliniambia, bananiambia tu asante. Leo njo naelewa.

Kama shangazi yako angali huku, asikutumie mashini ya huku bila kuipima, juu nyingi zimefungwa eneo 2, itasoma zake na itakataa zile za Marekani. Nyingine za zamani za hapa nyuma ziko na tundu kubwa ile ya peritel (SCART) peke yake, na televizio yako ya leo haina ile. Atafute yenye HDMI na zile rangi tatu za AV, manjano nyekundu nyeupe, byote bibili. Huku ku masoko ya bintu bya okazio zinapatikana kwa euro tano, kumi, batu banatupa.

Za Marekani kuko jambo ingine zaidi ya eneo. Picha yao ni NTSC, mistari 480, picha karibu 30 kwa sekunde. Za huku ni PAL, mistari 576, picha 25. Televizio flati inakubali byote, lakini mu menyu ya mashini weka Auto, usiache PAL peke yake.

Na kuko njia ya ordinatere (kompyuta). Unanunua kile kidrevu cha DVD cha inje, kinakula umeme wa USB tu, hakihitaji prizi, unatumia programu ya VLC ni ya bure. VLC inasoma VCD na DVD. Lakini chunga, ukiwa na drevu na programu zingine zitakuuliza ubadilishe eneo, na drevu inakubali kubadilisha mara tano tu mu maisha yake yote, ya tano inabaki pale pale. Usibonyeze ndiyo ndiyo.

Mwalimu_Kadutu, Bukavu

Ndugu, kabla ya kulaumu mashini yote, tuangalie diski pia. Hapa Bukavu mvua inanyesha na nyumba za mulima zinashika unyevu, nilikuta diski zangu mu kabati zina madoa meupe kama utandu, ni uvundo uliota juu ya uchafu wa vidole. Zilikuwa zinaruka ruka. Nikaziosha na maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, nikakausha na kitambaa laini cha pamba, na sasa zinasoma. Kupangusa ni kutoka katikati kwenda pembeni kwa mstari, usizungushe kama unaosha sahani, juu mukwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya maandishi na unafuta mambo marefu, ule wa kukata njia mashini inaweza kurekebisha yenyewe.

Dawa ya meno nilijaribu nikaharibu moja ya wanafunzi wangu, ya mwaka 2009, siisahau. Usijaribu na diski yenye haina kopi.

Mambo ya jua nayo. Za kuchoma ndani yake ni rangi, na rangi inakufa na jua kama nguo ku kamba. Uziweke mu giza, zisimame wima kama vitabu, zisilaliane. Kama papa alibandika makaratasi juu yake usibandue! Utabandua na feza yake, maana ku CD ya kawaida ile feza iko juu, chini ya wino na kavarnishi kembamba tu, ulinzi wake ni kidogo. DVD imefichwa katikati ya plastiki mbili, kidogo ina nguvu.

YayaHimbi

Mwalimu asante. Papa hakubandika, aliandika tu na ule feltre mweusi, njo maana tunaweza kusoma mpaka leo.

Nimewasikia bote na jumamosi nikaenda. Nilibeba sita mbaya mu sashe kama depanere alivyosema. Butiki ya kwanza muuzaji alikataa nisiingize, anasema nitaharibu jicho. Nikatoka. Ya pili alikubali, nikapima mashini tatu, ya kwanza ikashindwa VCD ya kijani, ya pili ikasoma zote sita MWANZO na nilikuwa tayari kulipa, kiisha nikakumbuka nikaruka mpaka mwisho wa harusi ya binamu, ikaganda, ikafanya vitundu vitundu vya rangi, ikajizima. Muuzaji mwenyewe akashangaa.

Ya tatu ilikuwa okazio, nzito, ya Philips, ya feza, ilikaa chini kabisa na vumbi ile yetu nyeusi ya volkano juu yake kama majivu ya kahawa. Ikasoma tano. Mwanzo na mwisho. Ya sita ni ya Ubelgiji ikasema eneo. Nyuma imeandikwa 110-240V, ina HDMI na rangi tatu, telekomande ni yake yenyewe ya kiwanda. Anataka dola 40. Sijalipa, nimeacha dola 5 anishikie mpaka kesho. Depanere unasema nini?

Depanere_Birere, Goma

Lipa mama. Kama telekomande yake iko pale, eneo tutaifungua, ukuje nayo kwangu sitakuomba kintu kwa ile. Okazio bila telekomande ningesema hapana, juu nyingi mbele yake hazina mabutoni ya menyu.

Lakini muambie afungue kisahani mara kumi mbele yako. Ndani kuko mukaba mudogo wa mpira, ukikauka kisahani kinakwama. Kukwama si ugonjwa mukubwa, mukaba ni bei ya mikate, lakini ikukatie dola tano ku bei.

Jicho nalo siku moja itachoka. Angalia namba yake nikifungua, kama ni SF-HD65 ya Sanyo ao KHM-313 ya Sony zinapatikana. Na nikupe siri ya kazi: jicho mupya mingi inakuya na kadoti ka soda (risasi ya kulehemu) kenye kanafunga njia mbili, ni ulinzi isichomwe na umeme wa vidole, na depanere mwenye haraka anasahau kukatoa, anafunga, haisomi, anakuambia jicho ni mbovu ulete ingine. Ukibadilisha popote, uliza kama alitoa ile soda.

Na mambo ya batri yako. Usifunge mashini ya 220 ku 12V, haiwezekani, unahitaji konvertisere ya kugeuza 12V iwe 220. Zile tudogo twa kukunja twenye ekra njo tunakula 12V moja kwa moja, lakini kuko twa 9V, na batri ya jua ikijaa inafika 14, utakachoma. Hii kubwa iweke stabilizatere ya kutuliza umeme, na umeme ukikatika toa fishi ku prizi, usingojee urudie na fishi ndani. Mashini ya papa haikufa na uzee.

Kijana_Majengo

Nimesoma yote yaya, nisamehe neno yangu ya mwanzo. Na mimi mama yangu ana diski za kwaya mu sanduku, kesho nazitoa.

YayaHimbi

Hakuna shida mudogo. Uzitoe na uangalie rangi ya chini.

Nililipa 36, kisahani kilikwama mara mbili kati ya kumi. Depanere akafungua mbele yangu, akapangusa lensi na pamba na alkoli, akabadilisha mukaba, akaweka eneo 0 na telekomande. Nilitaka kumulipa akasema mama lipa mukaba peke yake.

Kufika nyumbani kintu cha kwanza, sura ya papa ilikuwa pana, mashavu kama amevimba, mama akasema "huyu si bwana yangu." Ni televizio ilikuwa inavuta picha. Nikaingia menyu ya televizio nikaweka 4:3, umbo ya picha za zamani, na papa akarudi mwembamba kama alivyokuwa. Nawaandikia ile juu hakuna mwenye aliitaja na itawakuta bote benye banaangalia picha za zamani mu televizio ya leo.

Tumepima zote 214 kwa siku kumi na moja, mimi na mudogo, tunaandika mu kaye. Zinasoma 201. Inne zina mikwaruzo mpaka unaona mwanga upande wa pili, hizo nimekubali. Tisa njo zinanisumbua, na ni zile tudogo twa kamera, zote tisa. Kila moja inazunguka, hakuna diski. Ku jirani pia hakuna diski. Chini ninaona kabisa fasi imeandikwa, kuko duara ya rangi ingine. Mule njo kuko ndoa ya mama na papa ya miaka 30, mwaka 2008, papa aliandika "USIFUTE".

Depanere_Birere, Goma

Ile mashini ilisoma kale kadogo kenye ulibeba ku butiki?

YayaHimbi

Hapana, nilibeba ingine kubwa badala yake, tudogo nilitusahau ku meza. Zile sita zilikuwa za kawaida zote.

Depanere_Birere, Goma

Basi si mashini wala diski. Hazikufungwa. Kamera ya diski ndogo ikimaliza kuandika lazima mutu aiambie ifunge, iandike liste ya mambo byenye biko ndani. Wengi hawakufanya, walikuwa banaangalia ndani ya kamera yenyewe na kable, wanaona inapiga, wanaweka mu sanduku. Mashini zingine zote zinaona diski haina mulango. Tafuta ile kamera iliyoandika. Ingine ya namna ile ile inaweza kusaidia, lakini yenyewe njo ya hakika. Na usiingize tudogo mu ordinatere yenye inameza diski bila kisahani, itakwama ndani.

YayaHimbi

Papa alikuwa anaandika nani alichukua picha! Nimesoma zote tisa na lampe. Jina ni ya binamu yake wa Katindo.

YayaHimbi

Ninarudi. Kamera iko, mama mukubwa aliiweka chini ya kitanda na chaja yake. Batri imekufa kabisa lakini ukiiacha ku prizi inawaka. Mashine ya kizamani, menyu iko Kifaransa, fasi imeandikwa "finaliser", njo kufunga diski. Ilitumia dakika kama nane kwa ya kwanza na tulikaa wote tunaiangalia bila kusema, mama mukubwa ameshika waya ili mutoto asiupige teke, na umeme haukukatika. Tukafanya zote tisa mpaka saa tatu usiku.

Nane zinasoma. Moja ilikataa ku kamera yenyewe.

Ya USIFUTE inasoma. Ni dakika 29. Nyanya anaimba wimbo wa kwao pale ku dakika ya 17, papa anamushikia kipaza sauti na mukono unatetemeka kidogo, kiisha mama anaingia anacheka anamutosha.

Mama_wa_Liège

Mwanangu, ukopi ile leo leo.

Depanere_Birere, Goma

Leo leo mama. DVD za kuchoma unafungua folda ya VIDEO_TS unachukua yote, VCD unaingia folda ya MPEGAV mule kuko mafaili ya DAT, njo video yenyewe. DVD ya tabaka moja haipiti giga 4.7, VCD haifiki hata moja, tudogo ni 1.4. Zote zako zinaenea mu diski ngumu ya terabaiti moja. Nunua mbili, moja ikae kwako na moja isikae Goma.

YayaHimbi

Mudogo wangu anaenda Bukavu na bwato ya juma lijalo, ya pili itaenda naye. Tumeanza na tudogo. Usiku huu tuko ku ya sita.